Vitako vya Vipanya na Vitambaa vya Madame Béata

Juvénal, mwenye jengo, alisimama mbele ya meza ya chaja ya Vénantie, Mama Sano kwa wateja, bila kusalimia. Wateja walikuwa wamejaa, wengine wakichagua nyaya, wengine wakisubiri, na yeye hakupunguza sauti.

"Mama Sano, watu wa kahawa wa Nyamyumba wamenipigia simu. Vile vitako vya kuchajia souris za kompyuta uliwauzisha, vyote sita havitii moto. Nilikuambia zamani, jengo yangu haiko soko ya bintu ya uongo. Maliza hiyo maneno leo. Ukishindwa, kesho hii meza naipa mutu mwingine."

Wateja wawili wakarudisha nyaya mezani polepole, kama watu walioshika kitu kichafu.

Vénantie alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Hiyo meza hakuirithi kwa mtu. Alirudi kutoka Rutshuru, ng'ambo ya mpaka, na mama yake, akasoma miaka sita ya primary, na kwa miaka kumi na sita akavusha nyanya za Cyanzarwe kwa kichwa hadi Goma kupitia mpaka wa Petite Barrière. Mwaka wa korona mpaka ulifungwa, nyanya zikamwozea ndani ya nyumba, akaapa hatauza tena kitu kinachooza. Ndipo akaanza kuuza chaja. Hakuna aliyemfundisha. Alipasua nyaya zilizokufa kwa kisu cha viazi mpaka akajua ni wapi zinafia. Akajiwekea sheria mbili. Kitu hakitoki mezani bila kujaribiwa mbele ya macho ya mnunuzi, na kila kitu chake kinapata tone jekundu la rangi ya kucha, asije mtu kumletea takataka za wengine akisema ni zake.

Vile vitako sita, ambavyo kipanya cha kompyuta hukalia kikala moto, yaani chaji, bila waya, alivijaribu kimoja kimoja mbele ya Ndahiro, sekretari wa ofisi ya wale watu wa kahawa. Vyote viliwaka kijani. Ndahiro mwenyewe alisema, "Bon, iko sawa."

Alimwachia jirani meza, akapanda pikipiki ya abiria hadi Nyamyumba. Dereva alipoanza kumsimulia habari za mke wake, alimwambia atazame barabara.

"Eh, Mama Sano," Ndahiro alimpokea mlangoni, tai imemkaa vizuri. "Umeleta vingine?"

"Nimeleta macho. Onyesha."

Akaingia, akasimama. Ofisi nzima ilikuwa imevaa. Kompyuta zilifunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma vyenye ukingo wa kijani, migongo ya viti vilevile, hata chupa ya chai ilikuwa na sketi. Na juu ya kila kitako, kitambaa cha duara kama sahani ya kikombe. Juu ya kitambaa, kipanya kimelala, maiti.

Vénantie alikivuta kitambaa kimoja kwa vidole viwili, kama mtu anayemvua mtoto nepi. Chini yake kulikuwa na tone lake jekundu, na meno mawili ya shaba yanayong'aa, kama hayajawahi kuguswa na kitu. Akaweka kipanya. Kikawaka kijani.

"We Ndahiro," akasema, "mutoto ananyonyaka juu ya kabuti ya mama yake?"

Ndahiro alifunga mlango haraka. "Mama, pole pole. Hivi vitambaa ni vya Madame Béata, bibi wa ndoa ya patron wetu Aloys. Alifuma yeye mwenyewe juu ya kuzuia vumbi, akakuja kuvipanga kwa mukono yake. Nani atavitoa?"

"Mukaona heri munitoe mimi."

"Hapana, sikiliza. Tutamwambia Juvénal umebadilisha vitako. We unabaki na meza, sisi tunabaki na amani. Na tutachukua vingine vine."

"Nikibadilisha, basi vilikuwa vibaya."

"Ni maneno tu, mama."

"Maneno tu ndiyo inanitoa kesho."

Akachomoa kitako pamoja na waya wake, akabeba kipanya na kitambaa, akatoka. Nyumba ya patron ilikuwa nyuma ya vichanja vya kuanikia kahawa. Ndahiro alimfuata akinong'ona, "Mama, ngoja, tusikilizane," na Vénantie akazidi kurefusha hatua.

Madame Béata alikuwa barazani, kulabu ya kufumia mkononi, anafuma kitambaa kingine cha duara.

"Mwiriwe, madame," Vénantie alisema, maana hasira haiondoi salamu. Akatoa mkobani betri yake ya kutembea nayo, akaichomeka kwenye kitako. Akaweka kitambaa, na juu yake kipanya. Giza. Akaondoa kitambaa. Kijani. Akarudia mara ya pili, polepole, bila neno.

Kulabu ilisimama. "Tangu lini?"

"Tangu siku uliviweka, madame. Mimi naitwa mwizi toka asubuhi."

Béata alimgeukia Ndahiro. "Wiki tatu unanishukuru."

"Vinapendeza kabisa, madame."

"Lete simu."

Akampigia Juvénal hapohapo. "Vitako ni vizima. Kosa ilikuwa yetu huku ofisini." Vénantie alilisikia lile "yetu", akalimeza kama kidonge kikavu. Alitaka "yangu". Lakini meza ilikuwa imepona. Béata akakata uzi, akamkabidhi kile kitambaa kipya. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu, akakikunja mara nne.

Aliporudi mjini, Juvénal alimsogelea pembeni, sauti ya kanisani. "Imeisha, Mama Sano."

"Kwako imeisha. Asubuhi uliniambia mbele ya watu. Na hii utasema mbele ya watu, kwa sauti ileile."

Juvénal aliangalia wateja, akaangalia mabati ya juu. "Bintu ya Mama Sano iko nzima," akasema.

Vénantie alikuwa anafuta vumbi la meza kwa kitambaa cha Madame Béata.

"Wale wa nyuma hawajasikia," akasema.