Nilimsomea Mjane Uongo, Akachoma Santuri ya Mumewe

Nimemchafua mtu ambaye hawezi tena kujitetea, na sikufanya hivyo kwa hasira wala kwa ulevi. Nilifanya nikiwa nimetulia. Ninapoikumbuka ile sauti yangu ya siku ile najisikia kinyaa. Nawaandikia ninyi msionijua, kwa sababu wanaonijua hawaniangalii tena usoni.

Mimi ni fundi redio, Mlandege, Iringa. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi, na watu wa mtaani huniletea karatasi za dawa niwasomee. Ninachosema wanakifuata. Hakuna anayekwenda kuhakikisha kwingine.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Baba Neema, dereva wa lori. Alikuwa na santuri moja tu, aliyoachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza. Ni albamu ya pili ya bendi ya huko kwao, ya vijana wale waliofuata mara baada ya panki, ule muziki wao wa kelele na hasira. Jina silitaji, bendi haina kosa. Albamu yao ya kwanza nimeisikia kwenye simu, ni fujo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika hii ya pili walipunguza mwendo. Besi ndiyo inayotangulia, gitaa linakwaruza kama waya juu ya bati, na mwimbaji hapandishi sauti, utadhani anasoma tangazo la msiba.

Jumapili baada ya ibada tulikaa sebuleni kwake tukaisikiliza pande zote mbili. Kiingereza hakukijua na hakuwahi kuniuliza maana. Alisema ile besi inamtosha, inafanana na injini ya lori ikipanda mlima wa Kitonga.

Alipofariki, nikaanza kuitamani. Nilijiambia kwamba mimi pekee ndiye niliyeielewa, kwa hiyo ilikuwa haki yangu. Nikamwomba mkewe kwa adabu, akanikatalia kwa adabu. Alikuwa akiipiga anapopika, nyumba isiwe kimya.

Ukoo ukakubaliana kwenda Kilolo, alikozikwa, kujengea kaburi. Mama Neema akaja kwangu na ile bahasha ya santuri, yenye maneno ya nyimbo yaliyochapwa ndani.

“Shemeji, nisomee anachosema huyu Mzungu kwenye ule wimbo aliokuwa anaurudia. Nataka neno moja nilisome pale kaburini.”

Wimbo ule unamhusu mtu anayetoka zamu kiwandani na kurudi kwake kwenye mvua. Una huzuni, hauna zaidi ya hapo. Mimi nikaweka kidole chini ya mistari na kumsomea kwamba mtu huyu anaahidi damu ya watu wa nyumbani kwake ili apewe mali.

Nilitarajia ataogopa, ataniambia niliondoe lile dude nyumbani kwake, nami nitaondoka nalo chini ya koti. Nimezaliwa hapahapa, na bado nilisahau jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua. Kitu cha giza hapewi jirani akakitupe. Kinachomwa hadharani kwa maombi, na aliyekigundua ndiye anayesimama mbele kushuhudia.

Mama Neema akaita kikundi cha maombi. Nikasimamishwa mbele, nikaombwa nirudie maana. Ningeweza kusema nimekosea, neno moja tu. Nikairudia ile maana, na nikaiongezea chumvi!

Santuri ikajikunja, ikatoa moshi mzito uliotushika kooni. Ikafuata mashine ya kuipigia, kisha koti lake la safari, kisha picha yake iliyokuwa ukutani. Mama mmoja akasema ndiyo maana lile lori halikuwahi kupata ajali, kumbe lilikuwa na mwenyewe wa gizani. Watu wakaguna kukubali. Nami nikaitikia kwa kichwa. Mtu aliyenikaribisha chai miaka yote ile, nikaitikia kwa kichwa.

Safari ya Kilolo ikafutwa. Wakwe zake walipomuuliza sababu, Mama Neema hakusema, maana angesemaje? Wakamwita mchoyo, wakasema bila shaka amepata mwanamume. Akakonda. Akawa anamtaja mumewe kama “yule mtu”.

Kisha binti yao, Neema, akarudi likizo kutoka chuoni Mbeya. Mama yake alipomsimulia, aliutafuta wimbo kwenye simu, akausikiliza, akaja kibandani kwangu.

“Baba mdogo, nionyeshe damu iko mstari gani.”

Nikaanza kumweleza kwamba Kiingereza cha wanamuziki kina mafumbo. Akaniacha nimalize, akauliza tena vilevile. Nikainamia redio niliyokuwa naitengeneza.

“Basi twende ukamwambie mama mwenyewe. Mimi sikusemei.”

Tulimkuta anachambua majani ya maboga. Nilimwambia yote, hata kwamba niliitaka santuri. Akaweka majani chini.

“Miezi yote hii nimelala namwogopa mume wangu,” alisema. “Nimekuwa naweka Biblia upande wake wa kitanda.”

Akaniamuru nimsomee maneno ya kweli. Neema akanishikia simu yenye maneno ya wimbo, nikasoma taratibu. Nilipofika pale mtu yule anapovua viatu mlangoni ili mkewe asiamke, akaniambia niishie hapo.

“Hivyo ndivyo alivyokuwa anaingia,” akasema. Kisha akaniambia niende.

Kaburi limejengwa. Nimesikia kwamba Neema ndiye aliyesoma mstari ule wa viatu. Sikualikwa, na sina wa kumlaumu.

Nilikwenda pia kwenye kikundi cha maombi nikakiri kwamba nilidanganya. Wachache waliniamini. Wengi wanasema mjane amenibembeleza ili nimsafishe marehemu, na watoto wa mtaa bado wanapita mbio mbele ya nyumba ile. Uongo wangu nilipewa umati wa kuushuhudia. Ukweli nimebaki nao mwenyewe, nazunguka nao mlango kwa mlango kama muuza sumu ya panya, na watu wananijibu hawahitaji.

Wewe unayewasomea wengine wasichoweza kukisoma, nakuonya. Siku ukijikuta unatamani kitu kilichoko mkononi mwa anayekuuliza, mwambie hujui. Aende kwa mwingine. Ni aibu ndogo sana hiyo, nami leo ningeilipia kwa chochote.