Namba 214

Mtu wa kwanza kumwaga damu katika ule ugomvi wa kutaka mji nilikuwa mimi. Nasema mapema ili asije mtu akanihurumia bure. Nilimpiga yule mpaka rangi wa kamati kwa rula ya mbao, ile ndefu ninayopimia vitambaa, ikavunjikia juu ya jicho lake.

Alikuja Jumanne asubuhi, mwanamume wa makamo mwenye kopo la rangi nyekundu na brashi, anachora namba kila mlango. Hakubisha hodi. Nilikuwa nimeinamia cherehani nikasikia brashi inagusa mbao za mlango wangu, na damu ikanichemka. Nikatoka. Nikamwambia aondoke, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kizulu changu cha sokoni. Akacheka, akachovya brashi tena. Sikungoja la pili. Alishika uso, damu ikapita katikati ya vidole, akakimbia na kuviacha vitu vyake miguuni pangu. Niliufuta ule mstari mmoja aliokwisha kuuchora, nikaingiza kopo na brashi ndani, nikavisukuma chini ya cherehani. Rangi nzuri ile, haitupwi.

Tulikuwa tunakaa Midrand, nje ya Johannesburg, nyuma ya maghala, kwenye vibanda vya mabati mia tatu na ushei. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na majumba yenye mageti, mabwawa ya kuogelea na mbwa waliolala ndani. Upande wetu mabomba ya maji mawili, umeme wa kuunganisha wenyewe, na jina hatuna. Ramani ya jiji ilituonyesha kama uwanja wa nyasi. Mtu akiugua ukapiga simu ya ambulansi, swali la kwanza ni anwani, na hapo ndipo mazungumzo yanapoishia.

Kamati ikaja na wazo kwamba tuombe kutambuliwa. Tuwe kitongoji rasmi, chenye jina, mitaa, mabomba na nguzo za umeme. Mwenyekiti alikuwa dereva wa basi mstaafu, mzee mpole mwenye kichwa kigumu. Alisema jiji halitatusikiliza mpaka tuhesabiwe. Kila mlango upate namba, na kila namba iingie kwenye faili pamoja na jina la mwenye nyumba na karatasi zake.

Mkutano ulifanyika karibu na mabomba na ukavunjika kwa kurushiana viti. Wenyeji wengine hawakutaka kabisa wageni wahesabiwe, maana walijua siku mji ukitangazwa viwanja vitagawiwa kwa kufuata namba. Mwenyekiti akasema mlango ni mlango, yeye haulizi aliyelala ndani kazaliwa wapi. Alirushiwa chupa, ikampata begani. Mwanamke mmoja alinivuta kilemba na mimi nikamng'ata mkono. Tulirudi nyumbani wengi tukiwa tunachechemea, na uamuzi ukapita hivyo hivyo, kwamba wote wahesabiwe.

Sasa mimi karatasi zangu zilikwisha muda miaka miwili nyuma. Jina langu likiingia kwenye faili, nilikuwa naliona limekwisha fika kwenye lori la polisi, na mimi nyuma yake, hadi mpakani, hadi kwetu Tanga mikono mitupu. Hofu hiyo sikumwambia mtu. Nilichofanya ni kupita mlango hadi mlango kwenye safu yetu, milango kumi na moja ya watu wa Kiswahili, Watanzania, Warundi na Wakongo, nikiwaambia wakatae namba. Nilisema ni mtego. Mdomo wangu hauna breki na nguo zao nashona mimi, basi wakanisikiliza. Milango tisa ilikubaliana na wangu.

Mmoja ulikataa. Safu yetu ilikuwa pande mbili za kichochoro, na ule ulikuwa unatazamana na wangu, hatua nne tu katikati. Mwenyewe alitoka Bukavu, mlinzi wa geti kwenye ghala moja, mrefu, mtaratibu, karatasi yake ya ukimbizi safi ndani ya plastiki kwenye mfuko wa shati. Tulikuwa tukiitana Papa na Mama, kama wanavyoitana Wakongo. Mlangoni kwake iliandikwa 214, Jumanne ile ile kabla mpaka rangi hajavuka kuja kwangu, na ilipochorwa alichukua kitambaa akapangusa rangi iliyochuruzika chini ya ile nne, ikae vizuri.

Iliniudhi kuiona kila nikiinua kichwa. Mlango mmoja wenye namba kwenye safu nzima utawafanya watu waulize hiyo mingine ina nini. Kesho yake alipokwenda kazini nikavuka na thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, na brashi ya waya. Mkewe alinishikia beseni, anasema, "Mama, Papa atakasirika." Nikamwambia hasira ya Papa nitaibeba mimi. Nikasugua mpaka mbao ikawa nyeupe.

Aliporudi jioni alikuja kwangu bila kuvua kofia ya kazi. Alinikamata gauni shingoni, akaninyanyua hadi nikasimama kwa vidole vya miguu.

"Ni nani alikutuma ufute?"

"Niache, Papa. Utatuletea polisi wewe."

"Mara ya kwanza mu hii inchi banihesabu sawa mutu. Weye unafuta."

"Hata ng'ombe wa mnadani huhesabiwa!"

Aliniachia. Akapiga ngumi bati la ukuta wangu, moja tu, na lile bonde liko pale mpaka leo. Mpaka rangi hakurudi safu yetu tena. Aligoma, na mimi nilijiona mshindi.

Wiki mbili zikapita. Maneno yakaanza kuzunguka kwenye spaza, vile viduka vya vibandani, na kwenye foleni ya maji kwamba wapima ardhi wako karibu kuja, na kabla hawajafika, wote wasio na namba watolewe. Waliokataa kuhesabiwa, walisema, wana jambo wanaficha. Mwenyekiti alipita kutuonya, bega bado limefungwa. Alitusihi tukubali namba, angezichora yeye mwenyewe. Nikamwambia atuache. Hata maji sikumpa.

Walikuja Jumamosi, saa sita mchana, jua kali. Mke wa Papa na binti yao walikuwa wamekwenda mjini Johannesburg, kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa napinda suruali. Kwanza nikasikia mabati yanapigwa kwa fimbo, kama mvua ya mawe inavyoanza, kisha kioo, kisha sauti ya mwanamke iliyopanda na kukatika ghafla. Nikachungulia dirishani. Walikuwa kundi la watu thelathini, labda arobaini, wana fimbo, mijeledi na mapanga, na wengine nilikuwa nimewashonea. Hawakuuliza mtu lolote. Walikuwa wanatazama milango tu. Kwenye safu iliyotutangulia waliruka mlango wenye namba, wakaruka mwingine, na mwingine. Walipofika mwanzo wa safu yetu hawakuruka hata mmoja. Mzanzibari anayeuza mitumba mjini hakuwepo. Wakatoa marobota yake na godoro, wakawasha moto. Kwa Mrundi wa pili yake walimkuta ndani. Nilisikia fimbo zinavyotua, nzito, bila haraka.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Niliingia chini ya cherehani, nikatoa lile kopo. Rangi ilikuwa imeganda juu. Nikaitoboa kwa mkasi. Nikafungua mlango, nikachora. Hakuna namba nyingine iliyokuwa kichwani mwangu, nawaapia, zaidi ya ile niliyoisugua kwa mikono yangu. Mbili. Moja. Nne.

Nilipogeuka, Papa alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alikuwa amevaa fulana ya ndani, mkono mmoja una kiatu alichokuwa anaking'arisha. Alisoma mlango wangu. Alielewa kila kitu, niliona usoni mwake. Akaweka kiatu chini, akanyoosha mkono.

"Mama, nipatie."

Hatua nne. Moshi wa magodoro ulikuwa umeshatufikia. Ningeweza kulirusha lile kopo akalidaka. Ningeweza kuvuka nikachora mwenyewe. Mkono wangu ni mwepesi, ni kazi yangu. Nilirudi ndani na kopo langu, nikafunga mlango, nikatia komeo.

Nilitazama kupitia tundu la msumari kwenye bati. Hakukimbia. Alijaribu kuzungumza nao kwa Kizulu, kizuri kuliko changu, akatoa ile karatasi yake mfukoni mwa suruali, ndani ya plastiki, akaishika juu waione. Fimbo ya kwanza ilipiga huo mkono. Karatasi ikaanguka, akainama kuiokota, na hakuinuka tena. Walimpiga mgongoni, kichwani, kwenye magoti. Mmoja alitumia kile kiatu. Hakupiga kelele, mimi ndiye niliyekuwa nimeuma kitambaa mpaka fizi zikatoka damu. Mwishoni waling'oa mlango wake bawabani, wakaurusha chini.

Mwanamume mmoja akaja kwangu. Aligusa rangi, akatazama kidole chake chekundu. Ilikuwa mbichi, inachuruzika, hata kipofu angejua. Nilikuwa nimeshika mkasi kwa mikono miwili, na kama angesukuma mlango ningemchoma tumboni bila kufikiri mara mbili. Akapangusa kidole kwenye suruali, akawafuata wenzake.

Nilipiga simu ya ambulansi. Wakaniuliza anwani. Nikasema nyuma ya maghala, wakasema maghala gani, Midrand nzima ni maghala. Mwishowe wakasema watasimama kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, za barabara kubwa. Tulimlaza Papa juu ya mlango wake, mimi na mwenyekiti na wengine wawili, tukambeba hadi huko. Upande aliolalia ndio ule niliousugua. Alikuwa anapumua na jicho moja liko wazi, linanitazama mimi. Alifariki hospitalini siku ya tatu.

Mji tumeupata. Ilichukua muda, na hakuna aliyeufurahia kama nilivyofikiri watu watafurahi, lakini mabomba yamefika, nguzo zimesimama, na mtaa wetu una kibao. Walipokuja kuhesabu upya, karani alisoma mlango wangu, akauliza, "Mia mbili kumi na nne?" Karatasi zangu nilikuwa nimekwisha zishughulikia. Nikaitikia. Akaandika jina langu mbele ya hiyo namba.

Mwaka huu mjane akaja. Anaishi Observatory, huko Johannesburg, sasa na binti yake, analea watoto wa watu. Alihitaji barua ya kuthibitisha kuwa aliwahi kuishi hapa, kwa ajili ya karatasi zake, na ofisini walimwambia namba aliyoitaja ina mtu. Akaifuata hiyo namba, ikamleta kwangu. Alisimama nje muda mrefu, anapitisha kidole juu ya ile rangi. Sijawahi kuipaka upya wala kuifuta.

"Papa aliniambia mu hospitali," akasema.

Nilishika fremu ya mlango. Nikasema moyoni, yamefika.

"Aliniambia ni yeye mwenyewe alikupatia numero yake. Alisema, Mama hakukuwa na yake, njo nikamupatia ya kwetu." Akaniangalia. Macho yake hayakuwa na hila yoyote. "Ni kweli, Mama?"

Nimepiga watu maishani mwangu, nimeng'ata, nimeshika mkasi nikiwa tayari kuua. Kusema ukweli mbele ya yule mwanamke kulinishinda.

"Ni kweli," nikamwambia. "Alinipa."

Akashusha pumzi, akanikumbatia, akaniita dada. Nikamkaribisha ndani, nikasogeza vitambaa mezani, nikamwandikia barua yake. Juu kabisa nikaandika anwani kamili, namba, mtaa na mji, kwa mwandiko mzuri.