Gunia la Bwana Tangi

Harufu ya pareto iliyokauka ndiyo iliyotufikia kwanza. Ilitoka kwenye gunia alilovaa mtu aliyesimama juu ya jukwaa la kupakia mitungi ya maziwa, gunia lililomfunika kuanzia kichwani hadi magotini, na matundu mawili tu ya macho. Sisi watu wa laini za wafanyakazi tulikuwa tumeketishwa kwenye matope, mikono kichwani, askari wametuzunguka, na ukungu wa Molo ulikuwa bado haujaondoka. Watu wazima waliitwa mmoja mmoja kupita mbele yake. Gunia likitulia, unarudi kuketi. Likiitikia kwa kichwa, unapelekwa kwenye lori. Baba yangu alipofika pale, gunia liliinama upande wa kushoto, likakaa hivyo kidogo kama kuku anayesikiliza mwewe, halafu likaitikia mara mbili. Na sisi tukacheka. Laini nzima ilicheka, wakubwa kwa watoto, mikono ikiwa bado kichwani. Baba naye alicheka. Alikuwa hajamaliza kucheka walipomshika shati.

Nieleze tulichokuwa tunacheka, maana wanangu huniuliza kama tulikuwa na wazimu.

Kulikuwa na kitabu. Baba alikiokoa Nakuru mjini, dukani kwa mtu aliyekuwa akichana kurasa zake za mwisho kufungia watu chumvi. Jalada lilikuwa limeshakwenda, kwa hiyo aliyekiandika simjui mpaka leo. Kilikuwa cha Kiswahili, na kilisimulia juu ya mtu wa nyota aliyeitwa Bwana Tangi kwa sababu alisafiri angani ndani ya kitu mfano wa tangi la maji. Wazee wa nyota yake walimtuma aje ajue ni nani anayetawala dunia. Akaangukia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Akajificha akatazama. Akaona watu wanaamka alfajiri kwenye baridi, wanachuchumaa mbele ya ng'ombe, wanawaosha, wanawabebea chakula, wanazoa mavi yao. Ng'ombe akiugua analetewa daktari kwa gari. Mtu akiugua anaambiwa aache uvivu. Basi Bwana Tangi akapeleka habari kwao kwamba watawala wa dunia ni ng'ombe, na kitabu kizima anazunguka akiwapigia saluti na kuwaomba ruhusa ya kupita.

Sasa niambie, watu wa laini wangekosaje kukipenda? Baba yangu alikuwa mkamuaji. Alikisoma Jumapili alasiri nje ya mlango wetu, na watu wakaja na vigoda vyao, na walipokwisha kukijua chote kichwani wakaanza kukibishania. Jirani yetu Mama Wambui alikuwa na Bwana Tangi wake, aliyeoa msichana wa kuchuma pareto.

"Kitabuni hakuoa," Baba alimwambia.

"Hukusoma vizuri, Baba Njeri. Mtu atoke mbali hivyo, akose hata wa kumpikia?"

"Ana tangi lake, mama. Anakunywa maji."

"Ndiyo maana kakonda."

Mzee Cheruiyot, mchungaji wa ndama, hakuwahi hata kutabasamu. Yeye alisema hicho si kitabu cha kuchekesha, na mtu wa nyota hakukosea popote. Tulimcheka yeye kuliko kitabu.

Aliyesema tuigize ni Zakayo wa Ngure. Nalitaja jina lake lote ili asije mtu akasema nilimaanisha mwingine. Alikuwa kijana wa kazi kwenye nyumba ya kukaushia pareto, mwembamba, mtamu wa maneno. Alisema mtu wa nyota hawezi kuwa na uso kama wetu, akaleta gunia. Mama yangu akalitoboa macho, akayapinda matundu kwa uzi mwekundu, zile nyuzi za gunia zisimchome Zakayo. Huko kuinamisha kichwa hakukuwamo kitabuni. Zakayo alikubuni mwenyewe. Alisema nyota iko mbali, neno likisemwa huku huchelewa kufika, ndipo Bwana Tangi husubiri kwanza, kisha huitikia mara mbili. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini sisi watoto tuliliogopa lile gunia. Baada ya mchezo lilitundikwa kwenye msumari ndani ya nyumba ya kukaushia, na pale ndani hapakuwa na upepo, kulikuwa na joto tu na ile harufu inayowasha pua. Ukipita mlangoni, lilionekana limeinama kushoto. Ukirudi, limenyooka. Wambui aliapa kwamba alilisalimia na baada ya kitambo likamwitikia.

Nyapara wetu Mathayo ndiye aliyecheka zaidi ya wote siku za mchezo. Kisha akaenda kumwambia bwana wa shamba, yule Mzungu tuliyemwita Masharubu, kwamba mkamuaji anakusanya watu kila Jumapili na kuwasomea. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka waasi, na kukusanya watu kulitosha mtu kukamatwa. Masharubu alikuja kutazama, akaegemea gari lake mpaka mwisho wa mchezo, na uso wake haukucheza hata kidogo. Haukupita muda, msumari ukawa mtupu. Zakayo naye hakuonekana. Tuliambiwa amekwenda Elburgon kumuuguza mama yake. Sisi watoto tukasema Bwana Tangi ameitwa kwao.

Ndiyo sababu tulicheka asubuhi ile. Kwa muda wa pumzi moja tuliamini kwamba amerudi, kwamba hata askari ni sehemu ya mchezo. Mama ndiye aliyenyamaza wa kwanza, akafuata kila mtu, mpaka ukasikia ng'ombe wakitafuna. Alipoitwa alisimama chini ya jukwaa, akayatazama yale matundu, akasema polepole kama anayemwamsha mtu: "Zakayo. Huo ni uzi wangu."

Gunia likainama kushoto. Likasubiri. Tukasubiri nalo. Halikuitikia, na halikunyooka, mpaka askari alipomsukuma Mama apite.

Kitabu walikichoma pale pale. Baba hatukumwona tena, wala hatukuambiwa alikofia. Sisi tuliobaki tulipakiwa kwenye mabehewa tukapelekwa nchi ambayo sikuwahi kuiona, tukaambiwa ndiyo kwetu. Shule yangu iliishia hapo.

Leo lile shamba limekatwa vipande vipande na watu wamejenga. Tuliotoka laini zile tukikutana Nakuru, mara nyingi matangani, bado tunabishana: Mama Wambui, mzee wa mkongojo sasa, bado anamwoza Bwana Tangi. Hadithi imetoka mikononi mwetu. Imesomwa redioni na sauti za watu wa mjini, na huko ng'ombe wamegeuzwa kuwa magari. Mwezi uliopita iliigizwa shuleni kwa binti yangu. Gunia lilikuwa jipya, la mahindi, lakini yule mtoto alipoinamisha kichwa kushoto na ukumbi ukacheka, pua yangu ilijaa pareto.

Mgeni wa heshima alikuwa Zakayo wa Ngure, mwenye nyumba kule Milimani, mtaa wa matajiri pale Nakuru. Aliinuka akawaambia watoto kwamba gunia alilibuni yeye, na kule kuinamisha kichwa pia. Akawaeleza kwa nini neno huchelewa. Wakampigia makofi. Nilisimama nyuma ya ukumbi, nikamuuliza kwa sauti: "Mzee Zakayo, mara ya mwisho ulilivaa wapi?"

Aliinamisha kichwa kushoto. Sidhani alijua kwamba amefanya hivyo. Mwalimu akasema muda umekwisha.

Mathayo amekufa. Masharubu aliuza akarudi kwao. Umebaki wewe, Zakayo, na mama yangu bado yuko hai, na uzi mwekundu anaukumbuka. Neno lake lilitoka chini ya jukwaa la maziwa, na Milimani si nyota, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Limeshafika. Mwambie mama yangu alikopelekwa mumewe, na alikolazwa. Nyoosha kichwa ujibu.