Mama Pindo na Oili Isiyopungua

Dada yangu alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na mmoja, umri ambao wenzake walikuwa wameanza kulalamikia magoti. Mwalimu wa udereva alimwonya kwamba barabara si cherehani. Akamjibu kuwa hajaona tofauti kubwa: mguu kwenye pedali, macho mbele, na usivute kinachokwenda chenyewe. Alipata leseni kwa mtihani wa kwanza, na mwalimu yule akaja baadaye kushonewa suruali.

Ni fundi wa mapazia na mashuka. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu akiletewa nguo haangalii kola wala vifungo. Huigeuza na kuangalia pindo. Husema kola ni ya kuonyesha watu, pindo ni la fundi na dhamiri yake. Kazi yake kubwa ni ya hospitali mbili na shule moja ya bweni, na huipeleka mwenyewe kwa gari dogo la mizigo lenye milango miwili nyuma. Gari hilo lina miaka ishirini na sita. Majirani wanaliita Ajuza, na yeye hakasiriki, ila huwakumbusha kuwa ajuza huyo huwaka asubuhi upesi kuliko vijana wao wengi.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi ninayotaka kuisimulia, usukani wa Ajuza ulikuwa mzito ghafla katikati ya mzunguko wa barabara, karibu na hospitali. Usukani huo husaidiwa na oili: pampu inaisukuma, oili inabeba uzito, na dereva anazungusha bila jasho. Oili ikiisha, uzito wote unarudi mikononi. Dada yangu aliwahi kuteguka bega la kulia, na bega hilo halikusahau. Alivuta, gari halikufuata, na gurudumu la mbele likapanda ukingo wa njia ya waendao kwa miguu. Hakuna aliyeumia. Lakini kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa binti yake, ambaye ni muuguzi, na muuguzi huona mwisho wa kila jambo kabla ya mwanzo wake.

Jioni ile binti alikuja nyumbani na neno moja: gari liuzwe. Alikuwa ameshampata mnunuzi wa magari makuukuu, angekuja na gari la kuvuta Jumamosi ya wiki ya pili, saa nne asubuhi. Mashuka yangebebwa na gari la kukodi, mama angekaa kiti cha nyuma apumzike. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho huku akitunga uzi sindanoni. Kisha akasema jambo moja tu kwa sauti.

"Mwanangu, siku nitakapokuwa abiria kwenye kazi yangu mwenyewe, hiyo siyo kazi yangu tena."

Walibishana kidogo, wakafikia makubaliano, na mimi niliyaandika kwa sababu walinitaka niwe shahidi. Jumamosi hiyo, gari likiwa limesimama na injini inawaka, mama auzungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwa mkono wa kulia peke yake, ule wenye bega bovu. Akiweza, mnunuzi arudi alikotoka. Akishindwa, Ajuza avutwe, na asitokee mtu wa kununa.

Fundi wa gereji alilitazama gari kwa dakika tano, akatangaza kuwa mfumo mzima wa usukani ubadilishwe. Dada yangu alimshukuru kwa adabu akaliendesha gari polepole hadi uani kwake. Njiani aliniambia kwamba fundi anayetaka kubadilisha gauni zima kwa sababu mshono mmoja umeachia, hajui mshono uko wapi. Akakata shauri kulitengeneza mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kunyamaza, kazi ambazo nimezizoea.

Alianza Jumatatu jioni ya wiki ya mwisho, kwa kufikiri. Kando ya injini kuna kikopo cha plastiki cheupe ambacho oili huonekana kwa nje, nyekundu kama sharubati. Alikijaza, akafunga uzi mweusi kukizunguka, usawa uleule wa oili, akapiga fundo. Akanieleza mpango wake kama anayeeleza kipimo cha pazia. Gari likilala limezimwa na asubuhi oili imeshuka chini ya uzi, basi ufa uko upande wa kikopo, ambako oili hushuka kwa uzito wake wenyewe. Isiposhuka, basi ufa uko kwenye paipu ya presha, ambayo hubanwa injini ikiwaka tu. Sikuona kosa katika hesabu hiyo, na mpaka leo silioni.

Jumanne asubuhi oili ilikuwa kwenye uzi. Jumatano, kwenye uzi. Chini ya gari kulikuwa na matone, lakini tukasema hayo ni mabaki yaliyoganda kwenye vyuma kwa miezi, yanajichuruzikia. Basi akaifuata paipu ya presha. Jumatano nzima alilala chini ya gari juu ya godoro kuukuu, akifungua nati ambayo haikuwa imeguswa tangu gari litoke kiwandani. Aliifungua kwa mkono wa kushoto na lugha ya upole isiyo na upole ndani yake. Akabadilisha washa mbili za shaba, zile pete nyembamba za kuziba maungio, akakaza, akajipangusa. Tukawasha gari. Pampu, iliyokuwa ikilia tangu siku usukani ulipokuwa mzito, ililia vilevile kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua.

Alhamisi aliosha kila kitu. Mafuta ya taa, brashi ya kusugulia, kisha vipande vya mashuka, mpaka vyuma vya chini vikawa safi kuliko sufuria zangu. Akatandika chini ya injini kipande cha shuka jeupe, akakibana pembe nne kwa mawe, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya gari, boneti juu, mikono kiunoni. Kwenye shuka kulikuwa na doa jekundu pana kama kisahani cha chai. Na oili ndani ya kikopo ilikuwa kwenye uzi, haikuzidi wala kupungua.

Aliinama akaligusa doa kwa kidole. Kisha akasema taratibu, "Kitambaa kimekatwa, na urefu ni uleule. Basi kuna mtu ameunga."

Hapa inabidi nimwelezee shemeji yangu, mume wake. Ni karani wa masijala aliyestaafu, mtu mpole, wa kwanza kuamka nyumba nzima. Ugonjwa wake ni mmoja: hawezi kuona chombo kimepungua akakiacha. Hujazia chumvi, hujazia mtungi wa maji, hujazia chai ya mgeni ambaye ameshaaga. Ofisini walimpenda kwa sababu kidau cha wino hakikuwahi kukauka. Sisi tumeishi na tabia hiyo miaka mingi kiasi kwamba hatuioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Dada yangu alilichukua lile shuka lenye doa, akaingia nalo ndani, akalitandaza mezani kati ya birika na mkate. Shemeji alilitazama, akalikwepa kwa macho.

"Mzee wangu," dada aliuliza, "umeamka saa ngapi leo?"

"Kama kawaida."

"Ukafanya nini?"

"Nikafungua geti. Nikafagia."

"Baada ya kufagia?"

Shemeji alianza kukoroga chai ambayo alikwisha kuikoroga.

"Niliona kile kikopo kimepungua kidogo," alisema. "Nikajazia."

"Leo tu?"

"Leo. Na jana." Akakoroga tena. "Tuseme tangu Jumanne."

Alikuwa amenunua chupa yake mwenyewe ya oili, ileile, akaificha nyuma ya ndoo za kumwagilia maua. Dada alitaka kujua alijuaje pa kuishia, maana ilikuwa sawasawa kila siku, hata unywele haupiti.

"Si umefunga uzi?" shemeji alisema, kwa mshangao wa kweli. "Nikajua ndipo unapotaka ifike."

Nilitazama mkate wangu. Dada yangu aliinama juu ya meza, mabega yanatikisika, na kwa sekunde kadhaa sikujua analia au anacheka. Alikuwa anacheka, akilishika bega bovu kwa maumivu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema alipopata pumzi. "Siku tatu nzima, mume wangu. Siku tatu unanipeleka upande usio na ugonjwa."

Shemeji aliweka kijiko chini. Akasema, kwa sauti ya chini kuliko ya kawaida yake, kwamba hakutaka aamke aone imeshuka akakata tamaa. Kwamba hata yeye hataki gari liuzwe, ila mbele ya binti hakuwa na la kusema, kwa sababu binti ana haki ya kuogopa. Hilo dada yangu hakuwa analijua. Alikuwa akidhani mumewe yuko upande wa pili. Alimtazama kidogo, akamsogezea mkate, akampa masharti: chupa ije hapa mezani, na kuanzia sasa hadi kesho saa nne asijazie kitu chochote ndani ya uzio huu, hata ndoo ya kuku.

Saa mbili zilitosha. Oili ilishuka chini ya uzi kwa upana wa kidole, gari limezimwa, hakuna aliyeligusa. Basi ufa ulikuwa upande wa kikopo. Kutoka kwenye kikopo hadi kwenye pampu kuna mpira mmoja mfupi, mnene. Kwa macho ulikuwa mzima. Dada aliupapasa kwa ncha za vidole, taratibu, akiwa amefumba macho, kama anavyopapasa upande wa nyuma wa kitambaa kutafuta uzi uliokatika. Alipofika chini ya kibano cha chuma, akasimama. Mpira ulikuwa umepasuka hapo, mahali kibano kilipoufunika kwa miaka yote. Oili ilitokea hapo gari likilala, na likiwaka, pampu ilinyonya hewa kupitia hapo hapo. Ndiyo maana ililia.

Shemeji alipewa kipande cha mpira wa zamani na vipimo vilivyoandikwa, akatumwa dukani. Aliambiwa mara mbili kuwa usiwe mpira wa petroli wala wa maji, uwe wa oili ya usukani, vinginevyo utayeyuka kama pipi. Alirudi na mpira sahihi na vibano viwili vipya. Ila mpira ulizidi kwa urefu wa kiganja. Alisema alimwomba muuzaji aongezee kidogo. Dada aliupokea, akachukua mkasi mkubwa, akakata palipozidi, na mimi nikaenda kuchekea nyuma ya nyumba.

Mpira uliingia. Vibano vikakazwa, si kwa nguvu nyingi, maana kibano kilichobanwa kupita kiasi ndicho kilichoula ule wa kwanza. Magurudumu ya mbele yakainuliwa kwa jeki, chasisi ikakalishwa juu ya stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yakawekewa mawe. Injini ikiwa imezimwa, shemeji alikaa kwenye usukani akauzungusha mwisho hadi mwisho, tena na tena, ili hewa itoke. Dada alikaa na kikopo. Mapovu yalipanda, oili ikashuka, akaongeza yeye, kidogokidogo, na shemeji kutoka ndani akauliza kama sasa inaruhusiwa. Baada ya mizunguko kama ishirini mapovu yakaisha. Wakawasha gari. Tuliisikia injini, tukamsikia jirani anafua, pampu hatukuisikia.

Jumamosi shuka jingine, lililotandikwa usiku, lilitoka chini ya gari likiwa jeupe bila doa. Mnunuzi alifika robo saa kabla ya wakati na gari lake la kuvuta, mtu mwenye haraka, akaanza kukagua matairi ya Ajuza. Binti alikuja na sare yake, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Hakuketi. Mama yake aliingia garini, akawasha, akaweka mkono wa kushoto mapajani ili wote tuuone, na kwa mkono wa kulia akauzungusha usukani hadi mwisho huku, akaurudisha hadi mwisho kule. Alifanya hivyo kama anayefuta meza.

Binti akamwomba atoke. Akaingia yeye, akajaribu mwenyewe, mara tatu, kwa kidole kimoja. Akashuka, akachungulia chini. Halafu akazunguka, akaketi kiti cha pembeni, akafunga mkanda.

"Twende pale pale," alisema.

Nilikaa nyuma, kati ya mabunda ya mashuka. Mzunguko ulikuwa na magari mengi. Binti alishika kishikio kilicho juu ya mlango, vidole vyote vimebana. Dada yangu aliuzunguka mara moja, hakutokea kwenye barabara yake, akaendelea kuuzunguka mara ya pili, mwendo uleule, bila papara. Katikati ya mzunguko wa pili mkono wa binti ulikiacha kishikio ukarudi mapajani.

Tukaanza kurudi. Binti alimpigia simu baba yake, akamwambia amweleze mnunuzi kwamba gari haliuzwi na amwombe radhi kwa usumbufu. Kisha akamwambia mama yake asipite nyumbani kwanza, ampeleke kwake akalale, maana tangu jana hajafumba jicho. Dada yangu akasema sawa, akawasha taa ya kukunja kona. Hatukuwa tumemaliza barabara ile binti alipokwisha kusinzia, kichwa kimeegemea kioo, na mama yake akapunguza mwendo ili matuta yasimwamshe.