Surua Haichomwi Sindano

Nyumba yenye surua ina harufu yake. Yetu, kule Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ilinuka mafuta ya taa, mabati yaliyochomwa na jua na jasho la mtoto ambaye hajaogeshwa siku tano, kwa maana Mama alikuwa ameziba dirisha kwa blanketi na kukataza maji yasimguse Nafula. Nilikuwa na miaka kumi. Nafula, mdogo wangu, hajafika miwili. Macho mekundu yamejaa tongotongo, vipele vimemshuka kutoka usoni hadi nyayo. Kwetu sisi kila ugonjwa uliletwa na kitu kimoja: wadudu. Kuhara ni wadudu, kikohozi ni wadudu, vipele ni wadudu. Na dawa ya wadudu, wote bila ubaguzi, ilikuwa ile kapsuli nyekundu kwa nyeusi tuliyoiita rangi mbili, iliyouzwa dukani kando ya viberiti.

Mimi ndiye niliyetumwa kuinunua. “Rangi mbili tena?” mwenye duka aliniuliza. “Kwani huko kwenu mnaiungia mboga?” Nikacheka, nikakimbia nayo nyumbani. Mama akaipasua, akamwaga unga wake kwenye uji, Nafula akautema, akalishwa tena kwa nguvu. Siku ya sita vipele vikaanza kufifia, Mama akaimba wimbo wa kanisani akiosha vyombo. Kesho yake mtoto akaanza kuhema mbiombio, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Baba alikuwa kiwandani, kibarua. Mama akamfunga Nafula mgongoni, akavaa viatu. Mlangoni akakutana na Mama Barasa, jirani yetu, mwenzake wa kanisani, aliyelea watoto sita.

“Unampeleka wapi, Mama Nekesa?” akamuuliza, akimwita kwa jina langu.

“Hospitali. Hapumui vizuri.”

“Watamdunga. Na surua haichomwi sindano, vipele vinarudi ndani vikamuua. Wewe si wa kuambiwa, umezaliwa Bungoma kama mimi.”

Mama alisimama pale, kiatu kimoja nje, kimoja ndani. Kisha akafungua shuka, akamlaza mtoto kitandani. Nafula alikufa jioni hiyo, kabla Baba hajatoka kazini.

Kidato cha pili mwalimu wa biolojia alituchorea ubaoni. Surua huletwa na kirusi, na dawa ya kuua bakteria, kama ile rangi mbili, haikiwezi kirusi hata ukiila kwa kikombe. Lakini kirusi kikishaichosha kinga ya mtoto, bakteria nao hupata nafasi ya kuingia mapafuni, na hao ndio sindano ingewaua. Kwa hiyo tulimpa dawa siku ambazo haikuwa na kazi, tukamnyima siku ambayo ingemwokoa. Niliyaandika hayo daftarini bila kutikisika, na kwenye mtihani nikapata alama zote za swali hilo. Wahenga eti mficha maradhi kilio humfichua. Wahenga hawakutujua. Sisi hatukuficha kitu, mtaa mzima ulikuwa mle ndani ukitushauri.

Leo naishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, na nina binti wa miezi kumi. Mdogo wangu hakuwa amechanjwa, na sijawahi kuwa na moyo wa kumuuliza Mama kwa nini. Wangu nilimpeleka kliniki siku ileile alipofika miezi tisa. “Chanjo ya surua imeisha, mama, rudi wiki ijayo,” muuguzi akaniambia. Nikarudi. Imeisha. Mara ya tatu nilimuuliza muuguzi ni wiki gani hiyo ijayo isiyofika. “Usinipigie kelele, mama,” akaniambia. “Mimi siitengenezi, naidunga tu.” Alisema kweli, ndiyo maana nilitamani kumzaba kofi. Mama yangu angalau alikosea. Mimi sijakosea popote. Najua adui ni kirusi, najua hubaki hewani hata mgonjwa akishapita, najua tarehe, najua dozi, na elimu yote hiyo haijamfikisha mwanangu kwenye sindano moja.

Jana mtoto wa ghorofa ya nne alitokwa na vipele. Jengo letu lina ngazi moja.