Mpaka wa Ufalme wa Majoka

Tulipofika Bunia tukikimbia vita kutoka Djugu nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeacha kusema. Maneno yalikuja mpaka kooni, nikaona hayana kazi, nikayameza. Mama mdogo, aliyetupokea katika nyumba yake ya vyumba viwili, alisema niachwe nipumzike. Mama alikubali, lakini nilimwona akinitazama kila tulipokula.

Yaya, dada yangu mkubwa, hakuniacha nipumzike. Alichana mfuko mtupu wa simenti, akaukung'uta, akaulaza uani na kuchora dunia ambayo haipo: mito, milima, bahari mbili. Katikati aliweka ufalme wa kale ulioabudu majoka, yale yenye mabawa, yanayotema moto. Kila mchana, baada ya kuosha vyombo, alinieleza habari zake: mahekalu ya mawe meusi, makuhani wenye nyusi zilizoungua, askari waliovuka milima wakibeba moto ndani ya vyungu.

Siku moja alichora mpaka wa ufalme kwa kalamu nyekundu ya biki, akausimamisha kwenye mto. Nilikasirika. Ufalme wenye majoka uzuiwe na mto? Nilimpokonya biki nikauvuta mstari mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Hapana," yaya akasema. "Basoda, wale askari wa vyungu, walifika hapa tu kwa muto. Lakini desturi yao ilivuka. Ngambo kule iko mama mumoja, hajaona joka hata siku moja. Akimaliza kusonga bugali, anagonga chungu na mwiko mara tatu. Makuhani ndio walianzaka, ili joka isikie chakula iko tayari. Ufalme ilikufa zamani. Yeye anagonga tu, sababu bibi yake aligongaka."

Kesho yake nilikaa mlangoni. Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Bogoro, alikuwa akisonga bugali juu ya jiko la makaa. Alipomaliza aliinua mwiko, akaugonga kwenye ukingo wa sufuria: ko, ko, ko.

Nilikimbia mpaka nyuma ya nyumba.

"Yaya! Ufalme ilifika mpaka Bogoro!"

Yaya alicheka hata akakaa chini kwenye matope. Mama, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliacha mchi ndani ya kinu.

"Umesema nini, mutoto wangu?"

"Ufalme, mama. Ilifika Bogoro. Mama jirani iko anagonga!"

Mama hakuelewa kitu. Alinishika uso kwa mikono yake ya kijani, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena.

Tangu siku ile sikunyamaza. Mimi na yaya tulizunguka mtaa tukisikiliza masufuria. Waliogonga mara mbili tulibishana juu yao: ni watu wa jimbo la mbali, au ni waasi? Juma lililofuata nilianza shule.

Leo nafundisha historia hapa hapa Bunia. Ninapowaambia wanafunzi kwamba dola hufa na mazoea yake yakabaki mikononi mwa watu, najua nani alinifundisha. Yaya ameolewa Komanda, anauza vitenge kwenye njia panda. Mwaka jana nilimtembelea, nikamshukuru kwa maneno niliyoyapanga njia nzima juu ya pikipiki.

Aliendelea kukunja vitenge.

"Nilikuwa naogopa, mudogo wangu," akasema. "Nilizani utabaki vile. Nilikuwa natunga tu, sikujua kitu ingine ya kufanya."

Kisha akachagua kitenge cha bluu, akanifunga kiunoni yeye mwenyewe, akaniambia twende tukale.