Uso wa Idi kwenye Skrini Pana

Nakumbuka siku moja pale Buyenzi, mtaani kwetu Bujumbura, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu nimesikia unataka kununua skrini ya kompyuta, na umekwisha kuipenda moja kwa kuwa ni pana. Vita vilikuwa havijaisha. Mimi nilikuwa binti ninayepiga chapa barua za watu katika chumba kidogo kando ya gereji, na nilikuwa nimejinunulia skrini bapa, pana, iliyotoka Dubai. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo, basi wiki nzima sikushikika. Watu walikuja kuitazama tu, nami nikawaacha watazame.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilijua kutoa picha ya nukta 1024 kwa 768, umbo la skrini za zamani, na skrini yangu ilitaka 1280 kwa 768. Kwa hiyo skrini ikawa inaivuta picha ubavuni mpaka ijaze kioo. Niliona herufi zimenenepa, nikasema ndio uzuri wake. Ujana huo.

Akaja Mama Zaina, jirani yetu. Mwanawe Idi alimponyoka mkononi siku mtaa mzima ulipokimbia risasi, na sasa alikuwa amesikia kwamba huenda yuko kambini Tanzania. Alileta picha ya mtoto, hakuwa na nyingine, tuitie kwenye matangazo ambayo msafiri mmoja angeyachukua kesho yake asubuhi. Nikaipitisha kwenye skana, uso ukatokea.

"Apana," akasema. "Huyu si mutoto wangu. Idi hana mashavu hivi."

Nikaubana uso kwa pembeni, kidogo kidogo, mpaka akasema, "Sasa ni yeye." Nikachapa karatasi thelathini. Akachukua ya juu, akaitazama, machozi yakamtoka.

"Amekonda hivi? Basi kule hawamupe chakula."

Alijua ni picha ileile aliyoileta mwenyewe, lakini mama aliyempoteza mtoto haoni picha, anaona mtoto. Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba karatasi ndivyo zilivyo. Niliogopa kuharibu karatasi nyingine thelathini.

Mzee Hamadi, fundi wa ile gereji, alikuwa amekaa mlangoni akisubiri barua yake. Akaniambia nichore duara kwenye skrini. Nikachora. Akatoa mfukoni rondela, kile kichuma cha duara kinachokaa chini ya nati, akakiweka juu ya kioo. Duara langu lilikuwa yai, limetokeza kushoto na kulia. Kumbe skrini ndiyo iliyomnenepesha Idi, na mimi nilipombana, karatasi ikamtoa amekonda.

"We binti," akasema taratibu, "umepima mutoto wa mutu na kipimo chenye kudanganya. Rudisha ekra ya zamani, uanze tena."

Niliona aibu. Nikarudisha ile skrini yangu ya zamani niliyokuwa nimeiweka kando, nikachapa upya, na nikamwomba Mama Zaina radhi. Aliupangusa uso wa Idi kwa kiganja, akazikunja karatasi ndani ya kitenge chake, zikaondoka asubuhi.

Idi hakurudi. Ile picha yenyewe ililowa mvua ikafutika, na Mama Zaina naye ametangulia mbele ya haki. Lakini ukutani kwa binti yake Zaina iko karatasi moja niliyoichapa mara ya pili, na watoto wa Zaina wanamjua mjomba wao kwa uso ule. Kila nikiingia pale nazikumbuka zile thelathini za kwanza, nashukuru hazikusafiri.

Kwa hiyo, mwanangu, jiulize kwanza kazi yako ni ipi. Kama ni barua na karatasi, skrini yenye kimo itakufaa kuliko upana wa kujishaua. Ukiitaka pana, hakikisha kompyuta yako inaweza kutoa nukta zilezile ambazo skrini inazitaka, kwa upana na kwa kimo. Wala usirundike nukta nyingi kwenye kioo kidogo, mzee akashindwa kusoma barua anayoitia sahihi. Na kabla hujalipa, chora duara, weka juu yake kitu cha duara, hata kizibo cha soda. Mwenye duka akikucheka, mwache acheke.

Mungu akupe macho ya kuona vitu kama vilivyo, akuepushe na machozi niliyoyaona, na kila uso utakaopita mbele ya skrini yako aufikishe kwao salama. Amina.